Kikundi cha Ukoo: Majibu ya Salim

*Jumanne*

Dada Rehema 18:47
Salim katuma majibu ya biopsi, kile kipande cha figo walichomkata kupima ugonjwa wake wa figo wa IgA. Nimeikuza picha mpaka macho yanauma. Nasoma M1, E0, S1, halafu T... hapo kidole gumba kimefunika namba. Mwisho C0. Salim, hiyo T ni ngapi?

Dada Rehema 19:10
Mmeshasoma watu 11 na hakuna aliyejibu.

Kaka Hamisi 19:12
Tangu utotoni huyo, kila picha ya familia lazima kidole chake kiwemo 😂

Bin 19:12
😂😂😂 Ile ya harusi je?

Kaka Hamisi 19:13
Bwana harusi hana kichwa mpaka leo!

Dada Rehema 19:15
Ngojeni kwanza jamani. Hizo herufi ni vipimo vya Oxford vya 2009 vya ugonjwa huo wa IgA, kila herufi ni aina moja ya madhara kwenye figo na namba ni kiwango chake; ile C waliiongeza baadaye. T ndiyo inayobashiri kuliko zote, inaonyesha vijifereji vilivyosinyaa na kovu lililovizunguka. T0 haizidi robo. T1 ni asilimia 26 hadi 50. T2 imepita nusu. Mimi nataka kujua ni 1 au 2, basi.

Bin 19:31
Na S1 maana yake figo imeshakufa?

Mwajuma 20:26
Ndiyo kwanza natoka zamu. Hapana Bin. S1 ni kwamba kuna kichujio cha figo, hata kimoja tu, chenye kovu sehemu yake. C0 ni habari njema, hakuna seli zilizojikunja kama mwezi mchanga ndani ya vichujio.
Ila da Rehema, herufi peke yake hazitoshi. Tangu 2019 madaktari wana kikokotoo: wanachukua M, E, S na T, wanaweka pamoja na umri, presha, proteni kwenye mkojo, kasi ya figo kuchuja na dawa anazotumia. Kinatoa uwezekano wa figo kupoteza nusu ya nguvu yake au kushindwa kabisa ndani ya miaka kama 5. Ni uwezekano, siyo hukumu.

Dada Rehema 20:29
Basi tunahitaji presha zake za nyuma. Lile daftari analo nani?

Kaka Hamisi 20:33
Kwako halipo? Karatasi za Baba nazo zilipotea hivi hivi.

Dada Rehema 20:34
Hamisi usianze. Nilizikabidhi siku ile ya kuhama, Mjomba akiwepo.

Kaka Hamisi 20:34
Mjomba anasema hakuziona.

Mwajuma 20:36
Jamani.

Mama Mkubwa 21:58
Wanangu, nimesomewa yote. Baba yenu alikuwa akienda kliniki peke yake, akirudi anasema hajambo. Tukaamini. Salim asiende peke yake. Na hizo karatasi zisitajwe tena humu.

Kaka Hamisi 22:04
Shikamoo Mama Mkubwa. Nimesikia. Dada, nisamehe.

Dada Rehema 22:05
Shikamoo Mama. Yameisha.

*Jumatano*

Salim 06:15
Samahanini wote, nilizima simu. Ni T1. Vichujio walivyovipata kwenye kipande ni 14. Nilipofika kwenye neno kovu nikashindwa kuendelea kusoma.

Dada Rehema 06:16
T1. Mdogo wangu, sikulala.

Mwajuma 06:40
14 vinatosha, visingetakiwa kupungua 8. T1 si ya kupuuza, Salim, sitakuficha. Mkojo wa saa 24 ulitoa proteni kiasi gani? Na presha?

Salim 06:44
Gramu 1.8. Presha 148 kwa 92.

Mwajuma 06:49
Sasa nisikilize. Kovu halifutiki. Lakini hivyo viwili vinashushika, na vikishuka, mbele yako panabadilika. Kesho muulize daktari: lengo la proteni kwangu ni ngapi, na tunalifikiaje?

Dada Rehema 07:02
Kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mimi nimebanwa hadi saa tano. Hamisi, unamsindikiza?

Kaka Hamisi 09:20
Nitajaribu.

Dada Rehema 09:20
Mama Mkubwa hakusema tujaribu.

Bin 11:37
👍

Dada Rehema 11:38
Bin, hiyo ni unakwenda, au umesoma tu?

Salim 13:05
Daftari nimelipata, lilikuwa chini ya godoro. Kurasa mbili za mwanzo zimechanika, zilizobaki zinasomeka.