Karanga zimefungiwa kurasa za juzuu za Qur'an, shemeji kapiga picha na anataka kuirusha. Nifanyeje?

Fundi Sindano (Dodoma)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo. Jana baada ya alasiri nilimtuma kijana wangu karanga kwa mama mmoja anayekaanga hapo jirani. Ni Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana, tuko naye mwaka wa sita sasa. Idi tunampelekea pilau, Krismasi analeta sahani kwetu. Hatujawahi kukwaruzana hata kwa mate.

Nafungua karatasi, naona maandishi ya Kiarabu. Nikadhani ni zile karatasi za maelezo ya dawa. Kuangalia vizuri, ni Alhakumut-takathur, sura imekatwa katikati, mafuta yameshaingia kwenye aya. Mkono ulinitetemeka.

Bahati mbaya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekaa dukani. Akapiga picha pale pale: karatasi mbele, yule mama nyuma na beseni lake. Anataka kuirusha kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa mtaa, lina watu zaidi ya mia mbili, na maneno keshaandika: "Makafiri wa Majengo wanafungia karanga Qur'an." Nimemwomba anipe mpaka kesho magharibi. Kakubali kwa shingo upande.

Sisemi uongo, na mimi nimeumia. Nilirudi nikanunua vifungo vyote vya karanga vilivyobaki kwenye beseni, thelathini na kitu. Mama akacheka, akaniuliza kama naozesha. Nilivifungua chumbani: saba vina kurasa za juzuu, vingine ni madaftari ya wanafunzi. Sijamwambia kitu hadi sasa.

Niende kwake mwenyewe, kwa imamu, serikali ya mtaa au polisi? Na hizi kurasa zenye chumvi na mafuta nizipeleke wapi?

Simba wa Kizota

Polisi, tena leo. Mkilea dharau, kesho watafungia vitumbua. Ingekuwa Biblia imefungiwa karanga nje ya msikiti mngeona moto wake.

Ubuyu wa Chilonwa

Simba, Biblia inafungiwa kila siku. Mimi nimekula maandazi juu ya Waebrania. Mke wangu akasema angalau leo umeshika Neno.

Simba wa Kizota

Nyie Wagogo mnafanya utani kwenye kila kitu.

Wakili wa Kijiweni

Fundi, kwanza hapo kuna kosa? Kifungu cha 125 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kuharibu au kuchafua mahali pa ibada au kitu ambacho watu wanakiona kitakatifu. Lakini lazima iwepo nia ya kuitukana dini, au ujue fika kwamba wenye dini yao wataona umewatukana. Mtu asiyejua alifu wala be, anayekata karatasi kwa mkasi saa kumi alfajiri, hiyo nia utaitoa wapi?

Wa kuogopa sheria hapo ni shemeji yako. "Makafiri wa Majengo wanafungia" ni habari ambayo hana hakika nayo hata chembe, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kuhusu kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha. Msomee polepole, vijana hawapendi kusomewa haraka.

Binti Mrangi

Mimi ni Muislamu, kwetu Kondoa, ila Oktoba 2012 nilikuwa naishi Mbagala, Dar es Salaam. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Yalianza kwa watoto wawili wanabishana. Mmoja kasema anayekojolea msahafu anageuka nyoka. Mwingine kabisha, na kuonyesha anabisha, akafanya. Ni hivyo tu, ubishi wa watoto kama ule wa nani anaweza kumeza mbegu ya embe. Habari ilitoka pale kwa mdomo, na kila mdomo uliongeza yake. Ijumaa ile watu walikwenda kituo cha polisi wakitaka wapewe yule mtoto, walipokosa wakageukia makanisa. Yalichomwa, magari yakavunjwa, mabomu ya machozi hadi uani kwetu. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa Mkatoliki. Alilala chumbani kwangu siku mbili, na mimi niliyekuwa na hasira za msahafu ndiye niliyekuwa nampokelea hodi mlangoni.

Mpaka leo siwezi kusema sikukasirika. Ila wale watoto walikuwa marafiki, na hilo hakuna aliyelisimulia.

Fundi, hiyo picha isifichwe, ifutwe, na kule simu inakoweka vilivyofutwa pia.

Ustadhi wa Chuoni

Nikujibu la kurasa, maana wengi wameliruka. Karatasi za Qur'an zilizochakaa au kuharibika huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa mpaka ziishe kabisa. Sayyidna Uthman alipokusanya msahafu aliamuru nakala nyingine zichomwe, na hakuwa anaidharau. Kuosha wino kwa maji kunajuzu vilevile, ndiyo maana kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, tunalinywa. Kwa hizo zako zenye mafuta, choma, majivu yazike chini ya mti.

Na nikwambie ukweli, fundi: kosa hili mara nyingi linaanzia kwetu. Juzuu zikichanika tunazitia kwenye mfuko, mfuko unakaa nyuma ya mlango miaka mitatu, kisha hakuna anayejua ulikwenda wapi.

Mzee wa Mlingoti

Naingilia kidogo. Mnaongelea karatasi, mimi kila siku napita ofisi moja ya mtaa, bendera ya taifa imebaki nusu. Ile nyeusi ndiyo sisi wananchi, imeliwa na upepo wa Dodoma mpaka umebaki uzi. Zamani filimbi ikilia saa kumi na mbili unasimama hata kama umebeba ndoo ya maji kichwani. Sasa hakuna anayekasirika.

Simba wa Kizota

Mzee, fungua uzi wako.

Fundi Sindano

Mwache mzee. Mimi mwenyewe nimewahi kuletewa bendera niitie kiraka, na kitambaa walichonipa kilikuwa cha sare ya shule. Nilikataa, wakaniona naringa.

Mama wa Makole

Jamani mbona hakuna anayeuliza karatasi zinatoka wapi? Mimi nauza ubuyu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi ni mali. Tunanunua kwa kilo, mchanganyiko, hufungui kurasa moja moja, unaangalia kama ni kavu na haina panya. Fundi, nenda kwake na mkeo, usiende na wanaume. Mwulize anakonunua.

Fundi Sindano

Nimerudi, wakuu. Asanteni.

Tulikwenda na mke wangu asubuhi kabla hajawasha jiko. Nilimwonyesha. Alijifunika mdomo na khanga, akakaa chini. Neno la kwanza aliuliza, "Nimeuza siku ngapi hivi?" Kisha akanyanyuka, akamwaga nje karatasi zake zote, hata za hisabati.

Akatupeleka sokoni kwa kijana anayemuuzia. Gunia lilikuwa bado lipo. Ndani: juzuu tatu hazina majalada, kitabu cha nyimbo za kanisa, mitihani ya darasa la saba, na kalenda ya ofisi yenye nembo ya taifa. Yule bwana na bibi walikuwa wameshapitishwa mkasi shingoni, meno ya tembo upande huu, vichwa upande ule. Mzee wa Mlingoti, nilikukumbuka.

Nimenunua gunia zima. Kitabu cha nyimbo amekichukua mama. Juzuu nimefanya kama ustadhi alivyosema.

Ila moja ya zile juzuu ina muhuri wa madrasa. Siitaji. Ni ile anayofundisha shemeji jioni. Nilimwonyesha, akakaa kimya muda, halafu akasema kabla ya Ramadhani walipaka rangi pale, na yeye ndiye aliyebeba maboksi kuyatoa nje.

Picha kaifuta mbele yangu. Lakini anasema usiku ule, kabla sijamwomba, alishamtumia rafiki yake mmoja, na tangu asubuhi huyo rafiki hapokei simu.

Binti Mrangi

Anakaa wapi huyo rafiki?

Fundi Sindano

Nkuhungu.

Binti Mrangi

Na wewe bado unaandika humu?

Fundi Sindano

Boda imeshafika nje. Shemeji kakaa nyuma yangu.