Sahani za kaure au za kutupa kwa meza ya Rosh Hashana?

Binti wa Tanga, New Jersey:

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wenu mapema. Mwaka huu Rosh Hashana, yaani mwaka mpya wa Kiyahudi, inaingia Ijumaa jioni, tarehe 11 Septemba 2026, kwa hiyo siku ya kwanza itakuwa Sabato na ya pili itakuwa Jumapili. Nimekubali kupokea watu 18 nyumbani kwetu Teaneck kwa milo yote minne, miwili ya usiku na miwili ya mchana.

Mavyaa wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha jiko la kosheri (sheria za chakula za Kiyahudi, zinazotenga vyombo vya nyama na vya maziwa) nilipoingia katika dini na kuolewa, anasema ninunue zile sahani za plastiki ngumu zenye ukingo wa dhahabu, nizitupe baada ya kila mlo, nami niketi na wageni. Mimi nimelelewa Tanga, ambako mgeni hupakuliwa katika chombo kizuri kuliko vyote vya nyumba, hata kama chombo hicho hutoka kabatini mara mbili tu kwa mwaka, na moyo wangu unasita kumwekea babu wa miaka 80 sahani ya kutupa katika usiku wa mwaka mpya.

Nimepiga hesabu. Kila mtu anahitaji kisahani cha tende, komamanga, na tufaha la kuchovya katika asali. Sahani ya samaki, kwa sababu hatuli samaki na nyama katika sahani moja. Bakuli la supu. Sahani kubwa ya nyama. Na kisahani cha keki. Hivyo ni vyombo vitano, ambavyo kwa watu 18 ni 90 kwa mlo mmoja na 360 kwa milo minne, bila kuhesabu bilauri, vijiko na uma. Sahani zangu kubwa za nyama ni 24 tu. Nimefikiria kukodi vyombo, kama tunavyofanya nyumbani kukiwa na arusi. Dada yangu atakuwa amefika kutoka Tanga, naye amejitolea kuosha. Mngefanyaje?

Mama Shira, Yerusalemu:

Dada, wazo la kukodi liache kabisa, isipokuwa kama anayekodisha ana vyombo vya kosheri vinavyosimamiwa. Kaure inahesabiwa pamoja na vyombo vya udongo, navyo vikishanyonya chakula kisichoruhusiwa haviwezi kusafishwa kwa maji yanayochemka kama vya chuma. Mambo ya Walawi, sura ya 6, inaagiza kwamba chombo cha udongo kilichopikiwa nyama ya sadaka kivunjwe, ilhali cha shaba kisuguliwe na kusuuzwa kwa maji. Kanuni ya jikoni mwetu inafuata tofauti hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, uamuzi wako hautafanyika mezani. Utafanyika kwenye sinki, na hasa kwa saa. Siku ya Sabato, ambayo kazi imekatazwa, unaruhusiwa kuosha vyombo utakavyovihitaji siku ile ile, lakini huruhusiwi kuosha leo kwa ajili ya usiku wa kesho, kwa kuwa Sabato haiandalii siku inayofuata, hata kama siku hiyo ni sikukuu. Kwa hiyo sahani za Ijumaa usiku unaweza kuziosha kwa ajili ya Jumamosi mchana, ila zile za Jumamosi mchana zitabaki chafu mpaka nyota zionekane na Sabato itoke, na wakati huo wageni wako watakuwa wanarudi kutoka sinagogi wakiwa na njaa. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Bilauri zina nafuu yake: kwa sababu kunywa hakuna saa maalumu, Shulhan Arukh, kitabu chetu cha sheria, inaruhusu kuziosha mchana kutwa. Mashine ya kuoshea vyombo haiwashwi siku zote mbili, ingawa wengi wanaruhusu kuweka vyombo vichafu ndani yake ili jiko lisijae.

Kwa hiyo usihesabu 360. Hesabu sahani zinazotakiwa kati ya kipindi kimoja cha kuoshea na kingine. Ukiwa na seti mbili kamili za watu 18, moja inatumika Ijumaa usiku, inaoshwa na kutumika tena Jumamosi mchana. Ya pili inasubiri ikiwa safi kwa ajili ya Jumamosi usiku, kisha inaoshwa kwa ajili ya Jumapili. Hata huku Israeli, ambako sikukuu nyingine huwa za siku moja, Rosh Hashana ni siku mbili, nami ninafanya hivyo kila mwaka kwa sahani za kioo. Familia ya mume wangu ni Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, na kwao kioo hakinyonyi, kinaoshwa tu. Mumeo ni Mwashkenazi, Myahudi mwenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa hiyo msiige jambo hilo bila kumwuliza rabi wenu.

Sitaki kuwalaumu wanaotupa. Nchini kwetu tarehe 1 Novemba 2021 uliwekwa ushuru wa shekeli 11 kwa kila kilo ya vyombo vya plastiki vya kutupa, na familia kubwa za Waharedi, Wayahudi washika dini sana, zenye watoto wanane au kumi ziliumia, zikaona kwamba zimelengwa zenyewe. Serikali iliyofuata iliufuta mapema mwaka 2023. Mama mwenye watoto kumi na sinki mbili ndogo ana haki ya kuketi Sabato kama mtu mwingine yeyote.

Mpishi wa Nairobi:

Ninaongeza jambo moja kutokana na miaka yangu ya kusaidia jikoni kwa familia ya Kiyahudi hapa Nairobi. Mimi si Myahudi, na mwanzoni nilikosea mara nyingi. Ukimweka kwenye sinki mtu mwenye nia njema lakini asiyejua, atachukua sponji ya maziwa aoshee sahani ya nyama, au atapanga uma za pande zote mbili katika droo moja, nawe utabaki na swali kwa rabi katikati ya sikukuu. Dada yako ametoka safari ndefu na jiko hilo halijui. Funga kabati la maziwa kwa siku zote mbili, ficha sponji zake, na ufunike sinki ya maziwa, kwa kuwa milo yako yote ni ya nyama. Sponji yenyewe haifai siku ya Sabato kwa sababu ya kukamua maji. Mwonyeshe kitambaa cha nailoni kinachotumika nyumbani kwenu.

Kama kuna mahali ambapo ningetumia vyombo vya kutupa bila kusita, ni kwa watoto wadogo wanaokula wakitembea, pamoja na keki ya mwisho. Supu ya moto usiitie katika bakuli jepesi la plastiki, kwa maana linalegea mkononi mwa mzee.

Mzee wa Toronto:

Binti yangu, moyo wako haukosei, na dini yako mpya inauunga mkono zaidi ya unavyodhani. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya wahenga wetu, katika sehemu iitwayo Shabat, inaeleza maneno ya Kutoka 15:2 kuwa ni agizo la kuipamba amri: sukka nzuri (kibanda cha sikukuu ya Sukot), shofari nzuri (baragumu ya pembe), hati nzuri ya Torati. Usiku wa Seder, mlo wa Pesach yaani Pasaka, tunaagizwa kutandaza meza kwa vyombo bora kadiri ya uwezo, ili tuketi kama watu huru. Katika Sukot, Talmudi inataka vyombo vizuri viletwe kibandani, na papo hapo inaagiza sahani zikishaliwa zitolewe nje, bilauri zibaki. Wahenga hao walijua kwamba sahani chafu huharibu uzuri ulioletwa na sahani safi.

Jambo ambalo ningelisimamia bila kulegea ni kikombe cha Kidushi, baraka ya divai inayofungua mlo. Rabi Moshe Feinstein aliandika kwamba kikombe cha kutupa hakifai kwa Kidushi ikiwa kipo kingine, ingawa wako marabi walioruhusu. Chombo cha kunawia mikono kabla ya mkate kiwe cha kudumu vilevile. Ukivishika hivyo viwili, mengine ni kipimo cha nguvu zako. Katazo la kuharibu ovyo, lililoanzia kwenye miti ya matunda katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, linanigusa sana ninapoona mifuko minane ya taka mlangoni usiku wa Jumapili, lakini mwanamke anayelala kwa uchovu wakati shofari inapigwa ni hasara kubwa zaidi. Mwaka huu shofari italia Jumapili tu, kwa kuwa haipigwi Sabato. Upange uwe macho.

Binti wa Tanga:

Shikamoo mzee, nanyi nyote asanteni sana. Hesabu ya Mama Shira imenifungua macho, kwa sababu nilikuwa ninaona sahani 360 wakati tatizo langu lilikuwa Jumamosi usiku peke yake.

Nimezungumza na mavyaa, naye amekubali. Sahani kubwa, za samaki, na mabakuli ya supu zitakuwa za kioo, seti mbili za watu 18, zote za nyama. Visahani vya tende na vya keki vitakuwa vya kutupa, na vilevile kila kitu cha watoto. Vitakuwa vya karatasi. Vile vya povu tulivyovizoea zamani vimepigwa marufuku hapa New Jersey tangu Mei 2022. Vifurushi vyote tutavifungua kabla ya Sabato kuingia. Kikombe cha Kidushi kitakuwa cha fedha, cha babu mwenyewe.

Kwa kuwa kioo kipya kilichotengenezwa na wasio Wayahudi huzamishwa katika mikve, birika la maji ya utakaso, kwa baraka kabla ya kutumiwa, Jumapili ijayo ninakwenda huko na dada yangu. Jioni hii tunabandua vibandiko vya bei, kimoja kimoja, kwa mafuta na maji ya moto, ili maji ya mikve yaguse kila sahani pande zote. Tumemaliza 40, na zimebaki 68.