Mchungaji wa mchumba wangu anataka nibatizwe upya, mama hataki hata kusikia. Nifanyeje?

Mtoa mada:
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 31, Mwanglikana wa Dodoma. Nilibatizwa nikiwa na miezi minne, maji ya kichwani, na nikapata kipaimara nilipokuwa kidato cha pili. Ndoa tumepanga iwe Desemba. Mchumba wangu ni Mpentekoste, na mchungaji wake amesema hafungishi ndoa mpaka nibatizwe kwa maji mengi, kwa kuwa ule wa utotoni "ulikuwa kuogeshwa tu".

Mama nilipomweleza hakusema kitu. Aliingia chumbani, akarudi na cheti changu cha ubatizo kikiwa kwenye nailoni, akakiweka mezani, akaendelea kuchambua mchicha. Mpaka leo hatujaligusa tena.

Maji siyaogopi. Ila nikikubali, si nitakuwa nimesema miaka yote hii nilikuwa mpagani? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kamongo:
Oa kwanza mkuu, maji mengi utayakuta kwenye bili ya kila mwezi.

Mwana wa Betheli:
Mkuu, tusome Neno lilivyo. Marko 16:16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka." Imani inatangulia, maji yanafuata. Mtoto wa miezi minne aliamini nini? Halafu neno lenyewe la Kigiriki maana yake ni kuzamisha. Yule towashi wa Matendo 8 alikuwa safarini jangwani, na bila shaka maji ya kunywa alikuwa nayo. Mbona Filipo hakumnyunyizia palepale garini? "Wakatelemka wote wawili majini." Batizwa, ndugu yangu, wala hutapungukiwa kitu.

Katekista wa Kigango:
Mwana wa Betheli, umesoma nusu ya mstari. Umalizie: "asiyeamini, atahukumiwa." Hapo hakusema asiyebatizwa. Neno hilo la Kigiriki nalo lina ndugu yake kwenye Marko 7:4, panapotajwa kuosha vikombe na mitungi. Na mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa na watu wake wote usiku uleule. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtoto? Mimi sijui, na wewe hujui.

Mambo haya si mapya. Didake, maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanasema batiza kwenye maji yanayotiririka, yakikosekana tumia maji mengine, na yote mawili yakikosekana mimina kichwani mara tatu. Watu wamewahi hata kuuana kwa sababu hii. Zurich kule Uswisi, mwaka 1525, akina Konrad Grebel walianza kubatizana upya wakiwa watu wazima, na Januari 1527 mwenzao Felix Manz akatoswa mtoni Limmat mpaka akafa. Waliomtosa walikuwa Waprotestanti wenzake! Kwa hiyo nasi tusijifanye watakatifu sana. Ila kwangu mimi, Waefeso 4:5 imemaliza: ubatizo mmoja.

Mwana wa Betheli:
Mmoja, sawa. Swali ni upi.

Mama Vero:
Mwanangu, mbona binti hujamtaja? Yeye anasemaje? Na mbona swali lako linanuka kitu kingine? Mtu haumizwi hivi na maji.

Mtoa mada:
Mama Vero umenishika. Binti anasema atanifuata nitakakoamua, ila namwona ana hofu.

Hicho kitu kingine ni babu. Babu mzaa mama alikuwa na wake wawili. Kanisani alikuwa haachi, benchi la nyuma, miaka na miaka, na nyimbo zote alizijua kuliko kwaya. Lakini hakubatizwa, aliambiwa aache mke mmoja kwanza. Akauliza, nimwache yupi, na watoto waende wapi? Akafa hivyohivyo. Sasa mchungaji aliposema asiyebatizwa sawasawa hajaokoka, mimi wala sikujiwaza. Nilimwona mzee na kofia yake magotini.

Katekista wa Kigango:
Pole sana ndugu yangu. Hiyo sheria ilikuwepo kweli. Maaskofu wa Kianglikana walikaa Lambeth, mkutano wao mkuu kule London, mwaka 1888 wakakataza mwenye wake wengi asibatizwe. Mwaka 1988 wakalegeza, anaweza kubaki na wake zake ila asiongeze. Miaka mia moja kamili! Wazee wangapi walikaa benchi la nyuma hapo katikati?

Sisi Wakatoliki tunafundisha ubatizo wa tamaa. Kaisari Valentiniano wa Pili alikufa mwaka 392 akiwa ameomba kubatizwa na hakuwahi. Kwenye mazishi, Ambrosi, askofu wa Milano, aliwaambia dada za marehemu kwamba alichokitamani, alikipata. Babu yako alitamani kila Jumapili.

Mwana wa Betheli:
Hapa nanyamaza. Mnyang'anyi msalabani hakuguswa na tone la maji, na aliambiwa "leo hivi". Wokovu ni kwa neema, Waefeso 2:8, hilo hata sisi tunahubiri. Bado naamini mtu mzima azame, ila kwa utii, asizame kwa kutishwa.

Mama Vero:
Basi usibatizwe kwa ajili ya Desemba. Towashi aliuliza mwenyewe, "ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Hakuna aliyemwekea tarehe ya harusi. Ukiingia mtoni kwa sababu ya mke, utatoka umelowa tu. Nenda kwa mchungaji, na binti awepo, mweleze habari za babu kama ulivyotueleza. Kwa atakavyojibu utajua kama unaweza kukaa chini ya mafundisho yake. Asipokubali, padri wenu anaweza kuifungisha hiyo ndoa, muulize mapema kabla hamjachapa kadi. Na mama yako, kaa naye jikoni. Msaidie huo mchicha.

Mtoa mada:
Asante mama. Jumamosi naenda kwa mchungaji. Jana nilimuuliza mama kama babu aliwahi kulalamika. Kasema hapana, ila siku alipobatizwa mtoto wake yeyote, ndiye aliyekuwa anakwenda kisimani kuteka hayo maji.

Kamongo:
Mkuu, mimi nafuta utani wangu wa bili. Mrejesho Jumamosi, usitukimbie.