Conservative waliuza ndoa zetu: pauni 29,000, la sivyo mwenza wako abaki Tanga

Wakuu, nimechoka kusikia watu wakiisifu serikali ya Conservative ya Uingereza kwamba ilikuwa ya "maadili ya familia". Walitawala miaka 14, 2010 hadi 2024. Mwaka 2015 waliwapa wanandoa nafuu ya kodi ambayo siku hizi haizidi pauni 252 kwa mwaka. Lakini ukioa au kuolewa na mtu wa kwetu, waliweka ukuta: ili umlete, wewe uliyeko Uingereza uwe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka tangu Julai 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha 29,000 kuanzia tarehe 11 Aprili 2024. James Cleverly, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, alipoutangaza mpango huo Desemba 2023 alitaka kiwango kifike 38,700.

Wanaosema "fanya kazi tu, mbona rahisi" wapige hesabu. Aprili 2024 kima cha chini kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, ni pauni 23,795. Mbeba boksi anahitaji karibu saa 49 kila wiki, mwaka mzima, bila wiki moja ya ugonjwa isiyolipwa. Kiwango ni kimoja London na Sunderland, ingawa mishahara haifanani kabisa. Na mke aliyeko Nairobi, hata awe daktari bingwa mwenye ahadi ya kazi Manchester, mshahara wake hauhesabiwi hata senti.

Wengi wanakwama kwenye karatasi. Kama uko kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi, wanataka hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyohiyo zinazoonyesha kila mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri. Hati moja ikikosekana, au kiasi kilichoingia benki kisilingane na cha kwenye hati, umewapa sababu ya kukukatalia. Ukibadilisha mwajiri ndani ya miezi hiyo 6, unahamia kundi lingine: unathibitisha mshahara wa sasa na pia kipato cha miezi 12 iliyopita. Kwa hiyo usihame kazi kabla ya kutuma maombi, hata ukiahidiwa nyongeza.

Akiba nayo? Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi. Asiye na kipato kabisa anatakiwa awe na 88,500, zimekaa miezi 6. Michango ya ndugu inakubalika kama ni zawadi, mkopo haukubaliki.

Kisha ada. Mwaka 2024 ombi kutoka nje lilikuwa pauni 1,846. Juu yake tozo ya afya, yaani ya kutumia hospitali za serikali, iliyoanza kwa 200 kwa mwaka mwaka 2015 na kufikishwa 1,035 Februari 2024. Visa ni ya miezi 33 lakini wanatoza miaka 3 kamili: 3,105. Jumla 4,951, kabla ya kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza, ambao hata Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi anaufanya, labda awe na shahada iliyotambuliwa. Wakikataa, tozo ya afya inarudi. Ada ya ombi imeliwa. Halafu mwenza akifika na kuanza kazi anakatwa kodi kama wengine, yaani hospitali ileile anailipia mara mbili. Huu ni unyang'anyi!

Na wale wahudumu wa wazee? Februari 2022 serikali hiyohiyo iliwafungulia visa kwa sababu haikuwa na watu wa kazi. Tarehe 11 Machi 2024 ikawapiga marufuku waombaji wapya kuja na wenza na watoto. Njoo uoshe wazazi wetu, wanao waache Kisumu! Wakati huohuo wameilipa Rwanda pauni milioni 290 kwa mpango wa kuwahamishia huko waomba hifadhi, ambao haukumpeleka hata mkimbizi mmoja kwa nguvu.

Mwenye mtoto Uingereza asikate tamaa mapema. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Februari 2017 iliacha kiwango kibaki, lakini ilisema kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya mtoto. Tangu Agosti 2017 afisa anaweza kuangalia msaada wa ndugu au kipato kingine penye mazingira ya kipekee. Liandikeni hilo waziwazi kwenye barua ya maombi, na vielelezo juu.

Chama cha Labour walipoingia madarakani Julai 2024 walisitisha safari ya kwenda 38,700. Ile 29,000 wakaiacha palepale.