Zawadi ya bosi: jezi ya Nolan Ryan ya Astros, ya Rangers, au mpira wenye saini?

MtotoWaTanga: Habari zenu wakuu. Bosi wetu hapa Texas anastaafu mwisho wa mwezi, tumechangishana kazini na mimi ndo nimekabidhiwa kununua zawadi. Mzee anamzimia Nolan Ryan, yule mrushaji wa besiboli, balaa, kila siku ni straikauti 5,714 (yaani wapigaji aliowatoa kwa urushaji wake tu) ambazo hajafikia mtu. Nichukue jezi ya Astros, ya Rangers au mpira wa besiboli wenye saini yake? Naomba msaada haraka.

DadaHouston: Haraka na hujasema kitu! Mmechanga shilingi ngapi? Saizi je? Anashabikia timu gani? Ryan kacheza misimu 27 mpaka 1993, timu nne: Mets, Angels, Astros, Rangers. Kama ni mtu wa Houston, kwa Astros, ukampa ya Rangers, hiyo ni sawa na kumuaga mtu wa Yanga kwa jezi ya Simba.

Kinara_Dallas: Rangers, hakuna mjadala. Arlington, nyumbani kwa Rangers, ndo alipofikisha straikauti ya 5,000 mwaka 1989, aliyetolewa ni Rickey Henderson. 1991 ana miaka 44 akarusha mechi nzima timu ya Toronto hawajapata hiti (pigo la kumfikisha mpigaji kwenye besi) hata moja, nohita ya saba hiyo. Na kibao chake kule Cooperstown, kwenye jumba la heshima la besiboli, kina kofia ya Rangers.

DadaHouston: Rangers kakaa miaka mitano, Astros tisa. Kakulia Alvin hapa jirani, ni mtoto wa nyumbani. Nohita ya tano, iliyompita Sandy Koufax, mrushaji wa zamani wa Dodgers, mwenye nne, alipiga akiwa Astros 1981.

Otish: Lakini nyinyi mnampamba sana. Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka, hajawahi kushinda hata moja, Koufax ako nazo tatu na aliacha mpira akiwa na miaka 30. Ryan pia ndiye amepeana besi za bure (mpigaji anatembea tu kwa sababu mirusho ni mibaya) nyingi kuliko wote, 2,795, na amepoteza mechi 292.

Kinara_Dallas: Na kashinda 324 mbona husemi? Angalia 1987, aliongoza ligi yake kwa straikauti 270 na kwa ERA ya 2.76 (wastani wa mikimbio, yaani pointi, inayohesabiwa kwake kwa ingini tisa za mechi) halafu akaishia kushinda 8 kupoteza 16, sasa mrushaji afanyeje kama wenzake hawapati mikimbio?

FundiSaa: Mtoa mada, kwenye mpira wenye saini kuwa makini, mimi yalinikuta. Nilimnunulia shemeji yangu mpira wa Ryan mtandaoni, umekuja na cheti kina stika inang'aa, kwenye kiboksi cha kioo, nikaona nimepata. Siku ya siku watu wamekaa, shemeji akautoa akaupeleka dirishani, akaugeuza polepole akanyamaza. Mkia wa ile saini ulipanda juu ya uzi mwekundu wa mshono ukashuka upande wa pili bila kukatika wala wino kusambaa, na ukiinamia karibu unaona vidoti vidoti, yaani imechapwa na mashine. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, ya nne akaunti haipo. Hela ile ilikuwa ya miezi miwili ya ovataimu. Shemeji kauweka kabatini mpaka leo kwa heshima yangu, na kila nikienda kwake macho yanaenda pale pale.

DadaHouston: Pole sana kaka, inauma.

MtotoWaTanga: Samahani nilikuwa shifti. Tuna dola 250, anavaa XL. Nimemuuliza mkewe, kumbe mzee kakulia Anaheim California, huku kaja ukubwani, na kipindi kile cha 1973 baba yake alikuwa anampeleka uwanjani.

Kinara_Dallas: Ungesema mwanzo ndugu yangu!! Basi ni Angels, timu ya huko huko Anaheim. 1973 Ryan alipiga straikauti 383, moja zaidi ya msimu bora wa Koufax, na ile ya mwisho alimtoa Rich Reese wa Twins, ingini ya 11, hapo hapo Anaheim.

Otish: Hapo sawa, hata mimi nakubali. Lakini hakikisha ni namba 30. Ile 34 ni ya Astros na Rangers, wauzaji wengine wanachanganya.

FundiSaa: Na namba iwe ya kushonwa. Ya kubandika ikifuliwa mara tano inaanza kuchanika kwenye kona.

DadaHouston: Mimi bado nasema Astros, si anaishi huku sasa? Muulize mkewe kofia anayovaa wikiendi ni ya nani.

MtotoWaTanga: Ngoja nimpigie. Na hizi jezi za mtindo wa zamani XL yake inabana au?