Spika za zamani: wati 30 au wati 100, nichukue zipi?

Kijana_Kirumba: Wakuu, salaam. Nipo Mlango Mmoja, soko la hapa Mwanza, kuna jozi mbili za spika za zamani, boksi za mbao. Moja ni za kampuni ya Wharfedale, nyuma zimeandikwa wati 30, ukinzani omu 8. Nyingine za Kijapani, wati 100 MAX, omu 6. Bei moja, laki mbili na nusu. Muuzaji anakaribia kufunga.

Fundi_Koili: Amplifaya gani? Sebuleni au baa? Umetaja kila kitu isipokuwa kinachoziendesha.

Sangara_Mkavu: Beba 100. Wati ni wati.

Fundi_Koili: Siyo, mkuu. Hiyo MAX ni mshindo wa muda mfupi, si mzigo wa kukesha. Na wati za spika ni kiasi inachostahimili, haziongezi sauti. Sauti iangalie kwenye desibeli, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja: ya desibeli 91 ikipewa wati 20 inalingana na ya 88 ikipewa 40.

DadaNyegezi: Mimi yalinikuta kwenye sendofu ya mdogo wangu. Amplifaya wati 15 kila upande, spika zimeandikwa 120, nikajua nipo salama. Saa tano usiku watu wamechangamka, mshereheshaji anataka sauti, nikazungusha kitasa hadi mwisho. Ikaanza kukwaruza kama mtu anaparua ukoko sufuriani. Nikapuuza. Nyimbo mbili baadaye, sauti za juu kimya, imebaki besi tu. Fundi alipofungua tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, waya mwembamba kama unywele, mweusi, unanuka. Kumbe amplifaya ndogo ikizidiwa inakata vilele vya mawimbi ya sauti, na tuita ndiyo inayobeba adhabu. Zile 120 zilikuwa za boksi zima, tuita yenyewe inavumilia wati chache.

Sangara_Mkavu: Pole dada, ila ulizidisha.

Mzee_Igombe: Kijana, bonyeza ukingo wa koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka. Sponji ikimeguka kama mkate mkavu, punguziwa bei. Unyevu wa ziwa huu unazila.

Fundi_Koili: Mzee wangu, shikamoo. Hata Dodoma zinaoza, ni umri.

Mzee_Igombe: Marahaba. Dodoma sijawahi kuishi, Igombe naishi.

Kijana_Kirumba: Nimempigia mke wangu ageuze amplifaya, ya marehemu mjomba. Nyuma: 220V, 50Hz, 65W.

Fundi_Koili: Hizo 65 ni inazokula ukutani. Spikani zinafika chache kuliko hizo.

Sangara_Mkavu: Kwa hiyo 100?

Kijana_Kirumba: Ameshaanza kufunika turubai.