Wakuu, nina Jumapili moja tu Kyoto, Fushimi Inari naweza kwenda?

Mgeni_Osaka: Habari zenu wakuu. Niko Osaka kwa kozi fupi, Jumapili tuko huru, natamani sana nikaone Fushimi Inari, lile hekalu la Kishinto la Kyoto lenye mageti mekundu yanapanda mlima. Mimi Muislamu, je nikiingia kuna ibada nitalazimika kufanya? Na saa kumi jioni lazima niwe nimerudi hosteli, muda utatosha kweli?

Mama_Kassim: Mwanangu hakuna wa kukulazimisha. Wenyewe wananawa mikono na kusukutua kwenye birika, mbele wanatupa sarafu, wanainama mara mbili, makofi mawili, wanainama tena. We kaa pembeni kimya tu, na usiwapige picha wanaosali.

Bin_Salim: Mi ningeuliza shekhe kwanza, kutembea ni jambo moja, sehemu ya ibada ya wengine ni jingine.

Treni_ya_Asubuhi: Muda unatosha ila wahi! Hapafungwi usiku wala mchana na hakuna kiingilio, ukifika saa moja asubuhi unapita kwa raha, ikishagonga saa nne hata pa kukanyaga hupati. Panda treni ya JR mpaka Kyoto stesheni, badilisha laini ya Nara, Inari ni kituo cha pili, ila panda treni ya kawaida maana zile za haraka hazisimami hapo. Mlima una mita 233 tu ila ngazi ni nyingi, kuzunguka wote masaa mawili mpaka matatu, mi nakushauri ishia Yotsutsuji, njia panda ya katikati ya mlima, pale unauona mji ndo ugeuze.

Mchele_Kyela: Wakati wa kushuka angalia nyuma ya mageti utaona maandishi, ni majina ya waliotoa na tarehe, wengi wafanyabiashara, maana Inari kwao ni mungu wa mpunga na biashara, na inasemekana hekalu lilianza 711. Wale mbweha wa mawe watu wanadhani ndo wanaabudiwa, hapana, ni wajumbe wake, na yule mwenye ufunguo mdomoni huo ni wa ghala la mpunga. Geti kubwa la chini usilipite mbio, alilitoa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wa zama hizo, 1589.

Mgeni_Osaka: Shukrani sana, shekhe nampigia leo. Vipi chakula?

Mama_Kassim: Kuna inarizushi, wali ndani ya tofu (ile ya soya) ya kukaanga, ila uliza kwanza, wengi wanapikia mirin, kiungo chao kitamu cha majimaji, na ile ina pombe. Beba vitafunwa vyako baba.